Maswali ya Wasomaji: Je, Kila Kitegemezi Kinahitaji Mkaguzi Wake?

SWALI, kutoka Mikindani, Mtwara

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana ninayejitegemea katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta hapa Mikindani. Tangu mwezi wa Machi ninaandika mfumo wa chama cha msingi cha ushirika, utakaowawezesha makarani wa ghala kuandika kilo za korosho zinazopimwa kwenye mizani, daraja la kila mzigo na malipo anayostahili kila mkulima baada ya mnada. Upande wa kivinjari nimetumia React, upande wa seva nimetumia Express, na majaribio nayaendesha kwa Jest. Faili la package.json lina vitegemezi 31, yaani vifurushi vya msimbo wa watu wengine ninavyovitumia. Nilipoamua kuweka ESLint ili inikagulie msimbo, nilifuata orodha niliyoikuta mtandaoni nikapakua programu-jalizi 14 za kuiongezea kanuni, kwa mkupuo mmoja. Kwanza npm, ile zana ya kupakulia vifurushi, iligoma kwa hitilafu ya ERESOLVE, nikailazimisha. Kisha nikaletewa maonyo 2,300, nikafunga kompyuta nikaenda zangu ufukweni. Nitajuaje ni programu-jalizi zipi zinazofaa vitegemezi nilivyo navyo?

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Usivunjike moyo kwa idadi hiyo ya maonyo. Umewaita wakaguzi 14 kwa siku moja na hukumwambia hata mmoja wao anakagua chumba gani, kwa hiyo kila mmoja ameingia kila mahali na kulalamikia kila alichokiona.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichanganya. ESLint haikagui vitegemezi vyako. Kwa mipangilio yake ya awali haifungui kabisa folda ya node_modules; inasoma mafaili uliyoyaandika wewe, tena inayasoma bila kuyaendesha. Kwa hiyo tunaposema programu-jalizi ya React au ya Jest, maana yake ni kwamba programu-jalizi hiyo inazijua kanuni za matumizi ya React au Jest, na itakuonyesha mstari ambao umezivunja. Kama React yenyewe ina kasoro ndani yake, hilo si la linta, yaani zana ya kukagua msimbo kama ESLint.

Ukijua zana hizi zilikotoka, utaelewa kwa nini programu-jalizi zipo. Jina la lint lilianza mwaka 1978 katika Bell Labs nchini Marekani, pale Stephen Johnson alipoandika programu ya kukagua msimbo wa lugha ya C. JavaScript ilipata yake mwaka 2002, JSLint ya Douglas Crockford, ambayo kanuni zake zilikuwa ndizo hizo alizozitaka mwenyewe, upende usipende. Mwaka 2013 Nicholas Zakas alianzisha ESLint kwa wazo tofauti: kila kanuni isimame peke yake, iweze kuwashwa na kuzimwa, na mtu yeyote aweze kuandika za kwake na kuzichomeka. Tangu hapo kila maktaba yenye wapenzi wengi imeandikiwa kanuni zake, na nyingine zimeandikiwa hata zile ambazo hakuna aliyeziomba.

Kwa kuwa unaandika mfumo wa korosho, nadhani mfano huu hautakupa shida. Mkulima wa Tandahimba hupulizia salfa kwa sababu mikorosho yake ina ubwiriunga. Akiona mbu wa mikorosho kwenye machipukizi, hatapulizia salfa hiyo hiyo kwa kuwa tu anayo stoo. Atauliza kwanza ni mdudu gani, ndipo aulizie dawa. Wewe ulianza dukani. Ulinunua dawa 14, kisha ukaanza kutafuta magonjwa shambani.

Rudi shambani basi. Fungua terminali ndani ya folda ya mradi, andika npm ls --depth=0, na utapata orodha ya vitegemezi ulivyoviweka mwenyewe, bila vile vilivyokuja navyo. Chukua karatasi, ndiyo, karatasi kabisa, na uvigawe kwa kujiuliza swali moja juu ya kila kimoja: je, kitegemezi hiki kina masharti ya matumizi ambayo naweza kuyavunja bila programu kulalamika? Axios haina masharti ya namna hiyo yanayostahili mkaguzi wa pekee: unaita kitendakazi, unapata jibu au kosa. Dayjs vivyo hivyo, na uuid vivyo hivyo. Ninakadiria kwamba zaidi ya vitegemezi 20 kati ya 31 vyako vitaangukia fungu hili, na fungu hili lote halihitaji programu-jalizi yoyote. Kanuni za kawaida za ESLint zilizomo katika @eslint/js zinatosha.

Fungu la pili ni la vitegemezi vinavyobadilisha sarufi yenyewe ya lugha. TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, ni mfano, na mafaili ya .vue ya maktaba ya Vue ni mfano mwingine. Hapa programu-jalizi ni ya lazima, maana bila kichanganuzi chake, yaani kisomaji cha sarufi hiyo, ESLint haiwezi hata kusoma faili. TypeScript ina typescript-eslint, na Vue ina eslint-plugin-vue inayotunzwa na watu wa Vue wenyewe. Wewe huna hivi, lakini una JSX, yale maandishi yanayofanana na HTML, ndani ya React, ambayo ni nusu ya habari hiyo hiyo. ESLint inaweza kuisoma JSX ukiiruhusu, ila katika toleo la 9 na yaliyolitangulia itadai kwamba komponenti uliyoiingiza na kuitumia ndani ya JSX haijatumika, mpaka uwashe kanuni ya react/jsx-uses-vars iliyomo katika eslint-plugin-react.

Fungu la tatu ndilo lenye utajiri, na ndilo ninalotaka ukae nalo muda mrefu. Hivi ni vitegemezi ambavyo ukivitumia vibaya programu inaendelea kwenda vizuri machoni, huku ikitoa majibu ya uongo. Chukua React. Tuseme ukurasa wako una orodha ya matawi, na karani akichagua tawi, useEffect inaleta kilo za tawi hilo kutoka kwenye seva. Ukisahau kuliandika tawi katika safu ya mwisho ya useEffect, ile inayotaja vitu vinavyotegemewa, kilo zitaletwa mara moja tu ukurasa unapofunguka. Karani atabadilisha kutoka Mnyambe kwenda Kitangari, kichwa cha ukurasa kitabadilika, na kilo zitabaki zile za Mnyambe. Hakuna kosa litakaloandikwa popote. Programu-jalizi ya eslint-plugin-react-hooks, inayotolewa na timu ya React yenyewe, ina kanuni iitwayo exhaustive-deps iliyoandikwa kwa ajili ya kosa hili hasa, na nyingine iitwayo rules-of-hooks inayokataza kuita useState au useEffect ndani ya sharti au kitanzi. Kama ningeruhusiwa kukuachia programu-jalizi moja tu katika zote 14, ningekuachia hii.

Jest nayo imo katika fungu hili. Mtu anapotafuta kosa huandika it.only ili aendeshe jaribio moja tu, kisha husahau kulifuta neno only. Kuanzia siku hiyo majaribio mengine yote ya faili hilo hayaendeshwi, na skrini inaonyesha kijani. Kanuni ya jest/no-focused-tests hukamata hilo, na jest/expect-expect hukamata jaribio ambalo halipimi chochote. Kwa upande wa seva, Express haina programu-jalizi yake rasmi, na huihitaji. Kinachofaa hapo ni eslint-plugin-n, inayohusu Node.js, kiendeshaji cha JavaScript kwenye seva, kwa ujumla, ambayo husoma sehemu ya engines katika package.json yako na kukuonya ukitumia kitu ambacho Node iliyotajwa hapo bado haina. Kama kompyuta ya chama ina Node ya zamani kuliko yako, na aghalabu ndivyo ilivyo, kanuni hiyo itakuokoa na safari ya kwenda ghalani usiku wa kuamkia mnada.

Kuna kosa moja la seva ambalo nakuonya mapema kwamba hutalipatia dawa kamili. Ukiita kitendakazi cha kuhifadhi kilo kwenye hifadhidata na ukasahau kuandika await, seva itamjibu karani kwamba mzigo umepokelewa kabla haujahifadhiwa, na pengine hautahifadhiwa kabisa. Programu-jalizi ya eslint-plugin-promise hukamata minyororo ya .then isiyo na .catch, lakini haijui kama kitendakazi ulichokiandika mwenyewe kinarudisha kile ambacho JavaScript hukiita Promise, yaani ahadi. Kanuni inayojua ni no-floating-promises ya typescript-eslint, nayo inahitaji taarifa za aina za data, ambazo mradi wa JavaScript tupu hauna. Hiyo ni sababu nzuri ya kufikiria TypeScript kwa mfumo unaogusa fedha za watu, ingawa si lazima uifanye msimu huu.

Sasa namna ya kuzitafuta. Usianze na orodha za mtandaoni zinazotaja programu-jalizi bora za mwaka fulani. Anza na nyaraka za kitegemezi chenyewe, maana watunzaji wakiwa na linta wanayoiamini hawakosi kuitaja. Ukikosa hapo, tafuta npm kwa jina, kwa kuwa ESLint ina desturi ya majina: eslint-plugin- ikifuatiwa na jina la kitu, au jina la kundi likitanguliwa na alama ya @, kisha /eslint-plugin. Jina hilo hata hivyo haliwi cheti cha ubora. Yeyote anaweza kulitumia, na programu-jalizi ikiachwa na mtunzaji wake haiondoki kwenye orodha. Kwa mfano, eslint-plugin-node bado utaikuta katika makala nyingi, ilhali kazi yake iliendelezwa na watu wengine kwa jina la eslint-plugin-n. Hata TSLint, iliyokuwa linta kamili ya TypeScript, ilitangazwa mwaka 2019 kwamba inastaafishwa, na bado napokea barua za watu wanaoihangaikia.

Kabla hujapakua chochote, andika npm view eslint-plugin-jest peerDependencies, ukibadilisha jina kwa lile unalolitafuta. Amri hii huleta maandishi machache tu yanayokuambia programu-jalizi hiyo inafanya kazi na matoleo yapi ya ESLint, na haitakumalizia kifurushi chako cha intaneti kama kujaribu kwa kupakua na kufuta. Ongeza npm view pamoja na jina na neno time.modified, uone lini iliguswa mara ya mwisho. Hapa ndipo ERESOLVE yako ilipotoka: tangu npm toleo la 7, la mwaka 2020, vitegemezi wenza, ndizo hizo peerDependencies, huwekwa vyenyewe, na vikipingana npm hukataa kuendelea. Bila shaka baadhi ya zile 14 zinataka ESLint ya toleo la 8 au la chini zaidi, na wewe umeweka ya juu. Ulipolazimisha, kwa --force au --legacy-peer-deps, ulimnyamazisha mtu aliyekuwa anakwambia ukweli.

Jambo linaloongeza mkanganyiko ni kwamba ESLint 9, iliyotoka Aprili 2024, ilibadilisha faili la mipangilio. Zamani lilikuwa .eslintrc, sasa ni eslint.config.js, lenye muundo mwingine kabisa. Makala nyingi bado zinafundisha muundo wa zamani. Katika nyaraka za programu-jalizi tafuta neno flat, jina la muundo huo mpya; isipotaja muundo mpya popote, iache.

Kuhusu maonyo 2,300, nabahatisha kwa ujasiri kwamba sehemu kubwa ni kanuni moja au mbili zinazojirudia. Mshukiwa wangu wa kwanza ni react/react-in-jsx-scope, inayotaka kila faili liingize React, sharti ambalo halina maana tena kwa mradi unaotumia namna mpya ya kutafsiri JSX iliyokuja na React 17 mwaka 2020. Ongeza mipangilio ya jsx-runtime iliyomo katika eslint-plugin-react, nayo itaondoka. Mshukiwa wa pili ni no-undef inayolalamika kwamba process, describe au expect havijulikani. Hiyo ni dalili ya wakaguzi kuingia vyumba visivyo vyao. Katika eslint.config.js kila kipande kinaweza kupewa sehemu ya files: kipande cha Jest kihusu **/*.test.js pekee, kipande cha Node kihusu folda ya seva, na cha React kihusu folda ya kivinjari. Ukitaka kujua kanuni zinazolihusu faili fulani, tumia npx eslint --print-config pamoja na jina la faili hilo.

Mshukiwa wa tatu, kama aliingia na zile 14, ni eslint-plugin-security. Nia yake ni njema, lakini kanuni yake ya detect-object-injection hupiga kelele karibu kila unapoandika kitu kama kilo[daraja], na mtu anayesoma maonyo 200 ya uongo hatayaona mawili ya kweli. Mimi huizima kanuni hiyo na kubakiza nyingine.

Kwa hesabu yangu basi, mradi wako unahitaji @eslint/js, eslint-plugin-react, eslint-plugin-react-hooks, eslint-plugin-n na eslint-plugin-jest. Ningependa uongeze eslint-plugin-jsx-a11y kwa ajili ya makarani wenye macho hafifu, lakini ifanye baada ya hizo kutulia. Ziweke moja baada ya nyingine, uendeshe npx eslint . kila mara, usome inachosema kabla ya kuweka inayofuata.

SWALI, kutoka Lindi mjini

Ndugu Mhariri, tumesikia kwamba programu-jalizi za linta zenyewe zimewahi kutumiwa na wezi. Ofisini kwetu tunaziweka zote katika devDependencies, sehemu ya package.json ya zana za kuandikia msimbo tu, na mwenzangu anasema kwa hiyo hatuna cha kuogopa kwa kuwa hazifiki kwenye seva. Je, ni kweli?

JIBU

Mwenzako amekosea, tena amekosea mahali penye hatari. Mnamo Julai 18, 2025, mtunzaji wa eslint-config-prettier, kifurushi cha mipangilio ya ESLint, alihadaiwa kwa baruapepe iliyojifanya imetoka npm, tokeni yake, yaani ufunguo wake wa npm, ikaibwa, na matoleo ya 8.10.1, 9.1.1, 10.1.6 na 10.1.7 yakatolewa yakiwa na programu hasidi iliyolenga kompyuta za Windows. Programu hiyo iliendeshwa wakati wa kupakua, yaani kwenye kompyuta ya mwandishi wa msimbo, hata kabla linta haijaitwa. Miaka saba kabla ya hapo, Julai 12, 2018, eslint-scope toleo la 3.7.2 lilitumiwa kuiba tokeni za npm za waliolipakua. Katika mikasa yote miwili kilichoshambuliwa ni kompyuta yako wewe, yenye nywila na funguo zote za kazi, na devDependencies haikuikinga kwa lolote.

Hifadhini faili la package-lock.json pamoja na msimbo, na mtumie npm ci badala ya npm install mnapoandaa kompyuta mpya, ili matoleo yasibadilike bila ninyi kujua. Msikimbilie toleo lililotoka leo. Linta kwa kawaida hazihitaji kuendesha chochote wakati wa kupakuliwa, kwa hiyo mnaweza kuweka ignore-scripts=true katika .npmrc ya mradi. Mkitumia kifurushi kinachojijenga chenyewe wakati wa kupakuliwa, kitagoma, na itabidi mkijenge kwa mkono. Na kila programu-jalizi msiyoihitaji ni mlango mmoja zaidi wa kuulinda. Hii ni sababu ya pili ya kumwambia msomaji wetu wa Mikindani apunguze.

SWALI, kutoka Newala

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba linta inaweza kuniambia vitegemezi visivyotumika na vile vyenye udhaifu wa kiusalama. Nimeitafuta programu-jalizi hiyo sijaipata.

JIBU

Marahaba. Hukuipata kwa sababu umeunganisha kazi tofauti katika jina moja. Udhaifu wa kiusalama huulizwa kwa npm audit, ambayo hulinganisha matoleo uliyo nayo na orodha ya kasoro zilizotangazwa. Vitegemezi vilivyoandikwa katika package.json lakini havitumiki popote hutafutwa na zana kama Knip, kwa kuwa inabidi kuusoma mradi mzima kwa pamoja, ilhali ESLint hukagua faili moja moja. Kinachoweza kufanywa na programu-jalizi ni kinyume chake: kanuni ya import/no-extraneous-dependencies, iliyomo katika eslint-plugin-import, hukuonyesha kitu ulichokiingiza kwenye msimbo bila kukiandika katika package.json, na eslint-plugin-depend hukuonyesha kitegemezi ambacho kazi yake siku hizi inafanywa na JavaScript yenyewe au na kifurushi chepesi zaidi. Hiyo ya mwisho naipendekeza kwako hasa, kama mtandao wa Newala bado uko kama nilivyouacha, kwa sababu kila kifurushi unachokifuta leo ni kimoja usichokipakua tena.